Bawa la Kuku Mdogo

Mvua ilipokatika jioni ile, nilitoka uani nikidhani kuku wangu wameshaingia bandani. Nikamkuta tetea wa kienyeji amelala chini ya mparachichi, kayatandaza mabawa, na vifaranga sita wa Brahma wamemsonga pande zote. Walikuwa na wiki nane, na kila mmoja alikaribia kimo cha tetea huyo. Chini ya bawa vilienea vichwa tu. Migongo ilikuwa imelowa chapachapa. Naye hakuinuka.

Brahma ni kuku mzito. Jogoo aliyekomaa hufikia kilo 5 na ushei, tetea hupita kilo 4, na miguu yao ina manyoya hadi vidoleni. Chimbuko lake ni kuku wakubwa waliosafirishwa kutoka bandari ya Shanghai hadi Marekani miaka ya 1840, wakapewa jina la mto Brahmaputra. Mwaka 1852 mfugaji George Burnham alimpelekea Malkia Victoria wa Uingereza kuku tisa wa aina hiyo, na sifa zao zikavuma. Ni kuku aliyezoea ugenini. Labda ndiyo maana ananikaa moyoni, kwa kuwa mimi pia nilikuja mgeni hapa Wandegeya, mtaa wa Kampala.

Tetea wangu wa Brahma alipoatamia mara ya kwanza, uzito wake uliyavunja mayai yote. Mara ya pili nilikusanya mayai yake manane, nikangoja giza liingie, nikayaweka chini ya tetea wa kienyeji aliyekuwa anatafuta kuatamia. Siku 21 hakutoka kiotani ila kula na kunywa. Wakaanguliwa sita, manyoya miguuni, hata mmoja hafanani naye. Akaanza kuwachakuria chakula asubuhi ileile. Kamunye, mwewe wa mji huu, aliposhuka juu ya ua, yeye ndiye aliyeruka kumkabili. Wahenga walisema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Hawakusema lazima watoto wawe wa kuwazaa.

Nilifika hapa kutoka Arua nikiwa na miaka kumi na moja, mama akiwa amefariki. Shangazi yangu alipanga chumba kimoja kwenye bonde lililo kati ya kilima cha Makerere na Mulago, na ndani alikuwa na wanawe watatu. Hakuniuliza nitakaa mpaka lini. Alisogeza mkeka, akasema, "Mwanangu, lala hapa." Nilipotimiza miaka kumi na sita nilikuwa nimempita kwa kichwa kizima, na bado alikuwa hafungi mlango mpaka arudi wa mwisho wetu.

Wandegeya imejaa akina shangazi wa namna hiyo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere na ndugu wa wagonjwa wa Hospitali ya Mulago hushuka Barabara ya Bombo na mizigo yao, na kuna mlango unaofunguliwa. Jina lenyewe la mtaa limetokana na ndegeya, ndege wanaofuma viota vyao mitini.

Huwa tunamsifu aliyefanikiwa: urefu wake, shahada yake, gari lake. Mara chache tunauliza alikua chini ya bawa la nani. Anayelea watoto wanaomzidi kimo anatoa asichonacho, kisha wanapokua hana hata sura yao ya kuonyesha kwamba ni wake. Kinachobaki ni kumbukumbu ya waliolelewa, na kumbukumbu hiyo ni deni.

Brahma hukua polepole. Wangu walichukua miezi saba kabla ya yai la kwanza. Sasa wale sita ni wakubwa. Mlezi wao amezeeka, hatagi tena, na jirani amenishauri mara mbili nimchinje. Nimekataa. Atakula pumba na dagaa wangu mpaka siku yake ifike.

Shangazi naye amezeeka, na miguu inamuuma. Jumapili iliyopita mvua ilitukuta njiani tukitoka sokoni. Nilivua koti nikamfunika, nikatembea upande unakotokea upepo. Mgongo wangu ulilowa wote, na sijapata kuona mvua tamu kama ile.