Je, Ni Utovu wa Adabu Kijana Kumuamrisha Aliyemzidi Umri?

Tumeletewa swali na msomaji wetu mmoja, mtu wa Mombasa, ambaye binti yake ameajiriwa uuguzi katika hospitali moja ya mpakani, upande wa Busia. Binti huyo hajatimiza mwaka tangu kumaliza miaka yake 3 ya chuo, na tayari usiku huachiwa wodi nzima, na chini yake wahudumu wawili watatu, wanawake walio rika la mama yake, walioijua wodi ile kabla yeye hajajua kusoma. Akiwaambia mgonjwa ageuzwe, huambiwa ngoja. Akiwaambia shuka zibadilishwe, huambiwa kwamba hapa shuka hubadilishwa asubuhi, na ndivyo ilivyokuwa siku zote. Mmoja wao humwita "mwanangu" kwa sauti isiyokuwa ya mapenzi. Naye, kwa kuwa amelelewa asimnyanyulie sauti mtu mzima, huinuka akayafanya yote kwa mikono yake. Baba anauliza: je, mwanangu ameshika adabu, au ameacha wajibu?

Tunajibu kwamba ameacha wajibu, ijapokuwa amechoka kwa kutenda. Twajua jibu hili si tamu masikioni mwa watu wetu, ambao tumezoea kuipima adabu ya kijana kwa kunyamaza kwake. Basi natutazame kwanza haki hii inayogombaniwa ni ya nani.

Katika hospitali zetu nyingi mgonjwa huoshwa na kulishwa na jamaa zake, na kwa sababu hiyo upungufu wa wahudumu hausikiki sana. Mama au dada huuziba. Lakini kutoka Mombasa hadi Malaba ni mwendo wa zaidi ya kilomita 900, na katika wanaoyaendesha yale malori wako watoto wetu wa Changamwe, wa Miritini na wa Mariakani. Mmoja wao akishikwa na malaria kali katika foleni ya Malaba, au akivunjika nyonga, hulazwa mahali ambapo hakuna amjuaye. Mama yake yuko pwani anatafuta nauli. Na mwaka 2020, ulipoingia ugonjwa wa korona na jamaa wakazuiwa kukaa na wagonjwa wao, wengi walijikuta katika hali ya dereva yule, hata waliolazwa karibu na mji wao.

Mgonjwa asiyeweza kujigeuza yapasa ageuzwe takriban kila baada ya saa 2. Akiachwa, nyama ya mgongo na ya nyonga hubanwa kati ya mfupa na kitanda, damu ikakoma kupita, ngozi ikafa, na likafunguka donda ambalo huenda likachukua miezi kupona, na pengine likamuua. Donda hilo haliulizi nani alikuwa mkubwa na nani mdogo usiku ule. Kwa hiyo muuguzi anapomwambia mhudumu amgeuze mgonjwa, haombi haki yake mwenyewe. Anaidai haki ya mtu wa tatu, aliyelala kimya baina yao, asiyeweza kuidai. Mtu anaweza kuisamehe haki yake kwa heshima ya mzee. Haki ya mwingine hawezi kuisamehe, kwani si yake.

Patasemwa: lakini binti ameifanya kazi mwenyewe, na mgonjwa amegeuzwa, basi nani aliyedhulumiwa? Natufanye hesabu. Tuseme wodini mna wagonjwa 10 wasiojigeuza, na kila mmoja anahitaji dakika 5 kugeuzwa, kupanguswa na kutandikiwa. Hizo ni dakika 50 katika kila saa 2, na hapo hajamnywesha mtu maji. Katika dakika hizo ni nani aliyeitazama dripu iliyokwisha? Ni nani aliyempima mapigo ya moyo mama aliyejifungua jana na bado anatoka damu? Mhudumu hawezi kuwapa wagonjwa dawa, wala sheria haimruhusu. Muuguzi akiichukua kazi ya mhudumu, kazi yake yeye huwa haina mtu, na dhulma aliyoiondoa kitanda cha kwanza ameihamishia kitanda cha nane. Tena kesho yake msimamizi huikuta wodi safi, akadhani kila mtu ametenda lake.

Florence Nightingale, mwanamke wa Kiingereza aliyewauguza askari huko Üsküdar, ng'ambo ya Istanbul, tangu mwaka 1854, aliliona jambo hili. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1859 alieleza kwamba kusimamia si kuyatenda yote wewe mwenyewe, bali ni kuhakikisha kwamba lipasalo kutendwa litatendwa hata wakati haupo. Mwenye akili hulipokea neno la sawa popote alipolikuta.

Ama hiyo heshima ya umri, tunayo habari iliyo mashuhuri. Mwaka 11 wa Hijra (632), Mtume, rehema na amani zimshukie, alimpa Usama bin Zaid uamiri wa jeshi la kwenda Sham, naye hajafika miaka 20, na chini yake wakiwemo wakubwa katika Masahaba. Watu walinung'unika, kama wanung'unikavyo leo wahudumu wa Busia, na Mtume akawakataza. Alipofariki, Abubakar aliutekeleza uamiri ule ule. Wakati wa kumsindikiza Usama alikwenda kwa miguu na kijana yuko juu ya mnyama. Usama akaona haya, akataka ama khalifa apande ama yeye ashuke, na Abubakar akayakataa yote mawili. Kisha khalifa, mkubwa wa dola nzima, akamwomba kijana yule ruhusa ya kumbakisha Omar Madina! Hakumwondoa Omar jeshini kwa amri yake. Nasi hatujasikia kwamba Abubakar alipungukiwa na kitu kwa kuomba ruhusa ile. Wala Usama hakuvimba. Aliona haya ya kweli, lakini haya yake hayakumfanya auache uamiri.

Hata hivyo tusiwageuze wahudumu kuwa shetani wa kisa hiki. Kuna vijana ambao cheti kimewalevya, wanaomwita mtu mzima kwa kidole. Mwanamke aliyehudumu wodini miaka 20 anajua mambo yasiyofundishwa chuoni: ni mgonjwa gani anayeficha vidonge chini ya mto, na ni kitanda kipi mvua hukifikia. Anajua Kiteso, Kisamia na Kikhayo. Na binti wa Mombasa, pamoja na diploma yake, hawezi kumwambia bibi wa Kiteso afungue kinywa. Asiyeuliza kwa mtu kama huyu amejinyima mwenyewe.

Tena kuna wahudumu waliowekwa kuwa vibarua mwaka baada ya mwaka, na malipo yao huchelewa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 37, inasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi 1 ahesabiwe kuwa na ajira ya mshahara wa mwezi. Ni wangapi wanaoijua? Katika hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa Cairo mwaka 1284, waliwekwa wahudumu wa kiume na wa kike kwa ajili ya wagonjwa, na ujira wao ukitoka katika wakfu. Aliyeiweka wakfu ile alifahamu kwamba mgonjwa hatunzwi kwa nia njema peke yake. Tangu mwaka 2013 hospitali kama hizi za Busia ziko mikononi mwa serikali za kaunti, na huko ndiko malalamiko ya ujira yapasa kupelekwa. Mgonjwa siye aliyemnyima mhudumu mshahara. Kumlipizia yeye kwa kumwacha alalie mkojo wake ni kumdai asiyekopa.

Basi tunamwambia baba huyu amwandikie binti yake hivi. Aanze zamu kwa kuwakalisha wahudumu wake na kuwauliza hali ya kila kitanda, awasikilize, kisha agawe kazi kwa majina na kwa saa, bila kumwachia mtu nafasi ya kusema hakuambiwa. Mgeuzo wa kwanza aufanye pamoja nao, upande wa pili wa kitanda. Awaite "mama" kama alivyofunzwa kwao, na amri ibaki amri. Mwenye kukataa amseme faraghani, si mbele ya wagonjwa; akikataa tena, amwambie wazi kwamba ataandika, kisha aandike: tarehe, saa, kitanda, na kazi iliyoachwa, pasi na neno lolote juu ya tabia ya mtu. Na katika karatasi hiyo hiyo aandike kwamba glavu zilikwisha saa 4 usiku, na kwamba kwa wagonjwa wote wale walikuwapo wahudumu 2.