Je, Onyo Lisilotimia ni Uongo?

Tarehe 27 Mei 2021 wakazi wa Murara na mitaa mingine ya Goma waliamriwa kuhama mara moja. Siku tano kabla, mlima Nyiragongo ulikuwa umetema moto, na sasa ilihofiwa kwamba moto huo ungetokea tena mjini penyewe, au chini ya ziwa Kivu. Malaki ya watu walishika njia: wengine Sake, wengine Rwanda, wengine Bukavu. Moto haukutokea tena. Basi wengi waliporudi waliuliza: Je, wataalamu walitudanganya?

Kwanza yafaa kujua asili ya hofu ile. Picha za setelaiti na vipimo vya matetemeko vilionyesha kwamba mawe yaliyoyeyuka yalikuwa yamepenya chini ya mji, hata chini ya ziwa. Na vilindi vya Kivu vimefungia gesi ya kaboni, takriban mita za ujazo bilioni 300, na methani bilioni 60. Mwaka 1986 ziwa Nyos la Kameruni, lililo dogo mno kuliko Kivu, lilitoa gesi ya kaboni usiku, ikaua watu wapatao 1,700. Ni kweli kwamba Januari 2002 lava iliingia Kivu na gesi haikutoka. Lakini lava ile ilitoka juu, ufukoni, na gesi nyingi imelala chini ya mita 250.

Pili, mambo ya namna hii hayajaribiwi kwa mkono. Hakuna awezaye kuwasha moto chini ya ziwa ili aone litakalotokea. Ndiyo maana wataalamu hutumia kompyuta. Huko Los Alamos, Marekani, waliiga kwa hesabu kuanguka kwa jiwe kubwa la angani baharini. Wakaona kwamba mawimbi yake hupungua nguvu upesi kuliko yale ya tetemeko la ardhi, lakini karibu na pwani hatari ni kubwa. Hesabu hiyo haikusema jiwe litaanguka lini. Ilisema: likianguka, yatakuwa haya.

Hapo mpiga ramli na mpiga hesabu huachana. Mpiga ramli husema, “Litakuwa,” wala haonyeshi alivyojua. Mpiga hesabu husema, “Ikiwa hivi, basi vile,” akaweka vipimo vyake wazi ili mwingine amsahihishe.

Mtakatifu Agostino alifundisha kwamba mwongo ni yule asemaye kinyume cha yaliyo moyoni mwake, akikusudia kudanganya. Basi aliyesema, “Yawezekana,” akisadiki kwamba yawezekana, hakusema uongo. Lakini kama angaliiona hatari akanyamaza kwa kuogopa kuchekwa, angalikuwa na hatia mbele ya ndugu zake. Mama amwitaye mtoto atoke chini ya mti wakati wa radi hajutii kumwita, ingawa radi haikupiga.

Hata hivyo, waliohama waliteseka: walilala nje, wakakosa maji safi. Kwa hiyo yampasa mwenye kuonya asizidishe neno juu ya vipimo vyake, na mwenye kuamuru atayarishe maji na mahali pa kulala kabla hajaamuru. Na msikiaji yampasa asilidharau onyo la pili kwa sababu la kwanza halikutimia.