Amana ya Masimulizi

Mwenye kupiga chapa tarikhi ya watu amepokea amana, na amana, kwa hukumu ya dini zetu zote, hairudishwi nusu. Kwa hiyo wanazuoni wanaoandika habari za Buhaya, nchi ya Wahaya, tangu Bukoba hata Muleba, yawapasa kujiuliza: mtu aliyewasikiliza wazee, akaandika, akasifiwa kwa elimu yake, je, amekwisha kutimiza faradhi, ama bado anadaiwa?

Mwaka 1910 Hermann Rehse alichapisha huko Stuttgart kitabu juu ya Kiziba, ufalme mmojawapo wa Buhaya, kwa Kijerumani, lugha isiyosomwa na wale waliomhadithia. Ilipofika 1949 ndipo Francis Lwamgira alipotoa kwa Kihaya tarikhi ya Kiziba na Wakama, yaani wafalme, wake, na hapo msimulizi akapata nafasi ya kumhukumu mwandishi. Hata hivyo nayo ilikuwa tarikhi ya watawala, hali kila ukoo una kumbukumbu zake, nazo hazipatani daima na za ikulu.

Inayoonyesha deni hilo kwa dhahiri zaidi ni habari ya Katuruka, karibu na Maruku. Huko, mnamo 1970, wazee walimwonyesha mwanaakiolojia Mmarekani Peter Schmidt mti wa Kaiija, katika makao ya zamani ya Mkama Rugomora Mahe, wakamweleza kwamba hapo ndipo chuma kilipofuliwa. Naye alipochimba akakuta mabaki ya uhunzi yenye umri uliozidi miaka 2,000, ardhi ikawa shahidi wa pili wa maneno yao. Lakini aliporejea baada ya miaka mingi, wazee wengi wakiwa wamekwisha kufariki, alitambua kwamba wanawake nao walihifadhi masimulizi ambayo zamani hakuyatafuta.

Hapa ndipo ninapoona kwamba ukweli na haki ni mambo mawili. Kitabu chaweza kuwa sahihi katika kila neno lake, na bado kikamdhulumu shahidi ambaye hakuulizwa, au aliyeulizwa asipate kusikia alichonukuliwa. Na kwa kuwa mauti hayangoji mswada ukamilike, mtafiti na awaendee akina bibi mapema. Kabla ya kuchapa, asomewe msimulizi maneno yake kwa Kihaya, na palipo na hitilafu baina ya koo, riwaya zote ziandikwe pamoja, kila moja na ukoo wake. Asiyefanya hivyo amechukua elimu ya watu, hakuipokea.