Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Tusikiapo methali isemayo "Mgeni njoo, mwenyeji apone", wengi wetu humkumbuka kuku. Mgeni akija kuku huchinjwa, na mwenyeji naye hupata kitoweo. Mimi methali hii nilikuja kuielewa shambani, nikiwa mtu mzima, tena kwa aibu.

Shamba langu liko kwenye mteremko, katika vilima vya Machakos. Nimelikinga kwa matuta ya fanya juu: unachimba mtaro kukata mteremko, udongo unaurusha upande wa juu, ukingo unaupanda nyasi, na baada ya miaka kadhaa ardhi iliyoinama huwa kama ngazi. Maji ya mvua hayakimbii tena, hunywewa papo hapo. Kwa vile mahindi yangu yalisimama hata mvua zilipokuwa haba, niliombwa nipokee ziara ya wakulima kutoka bonde la pili.

Walikuja watu 18. Niliwapitisha njia ya juu, kwenye matuta yaliyokomaa, nikawaeleza kuwa mtaro lazima upimwe kwa kamba na pimamaji. Mama mmoja akanyoosha kidole. "Mwalimu, na kule chini kuna nini?" Nikajibu, "Kule ni malisho tu, mama."

Nilisema uongo. Kule chini palikuwa na tuta nililochimba mwaka wa kwanza kwa kukadiria kwa jicho. Maji yalikusanyika upande mmoja, yakavunja ukingo, yakachimba korongo. Nililitengeneza mara mbili, likavunjika mara mbili.

Yule mama alikwenda kwao, akachimba pamoja na wenzake wa mwethya. Pimamaji hawakuwa nayo, wakatumia macho. Mvua za Novemba ziliposhuka, tuta lilipasuka na maharagwe yake yakaenda na maji. Akarudi kwangu. Hakunitukana. Aliomba aende chini akaone malisho. Alisimama mbele ya lile korongo kwa muda, kisha akasema, "Mwalimu, ulituonyesha sebule, ukatuficha jikoni."

Tangu siku ile najiuliza: je, mwenyeji ana wajibu wa kumwonyesha mgeni alipokosea? Nilijitetea kwa hoja mbili. Ya kwanza, kwamba watu huja kutafuta mfano mwema, na ukiwaonyesha makosa utawavunja moyo. Ya pili, kwamba nilikwisha waambia wapime. Kama hawakupima, kosa ni la nani?

Hoja ya pili ndiyo iliyonisumbua zaidi, maana ina ukweli nusu. Naam, niliwaambia. Lakini sikuwaambia kwa nini, na sababu ilikuwa wazi hatua mia moja tu chini yetu. Agizo lisilo na sababu ni amri, na sisi Ukambani amri tunazijua. Katika miaka ya 1930 ardhi yetu ilikuwa imemomonyoka vibaya, na dawa ya serikali ya kikoloni ilikuwa kushurutisha. Mwaka 1938, ilipolazimisha watu wapunguze mifugo, Wakamba wakiongozwa na Muindi Mbingu walikwenda Nairobi kupinga. Baadaye watu walichimbishwa matuta kwa nguvu, na shuruti ilipolegea mengi yakaachwa yabomoke. Lakini baada ya uhuru watu hao hao, hasa akina mama katika vikundi vya mwethya, walichimba kwa hiari, kwa kuwa walikuwa wameona faida katika shamba la jirani. Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walionyesha katika kitabu chao cha mwaka 1994 kwamba watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano tangu miaka ya 1930, na hata hivyo mmomonyoko ulikuwa umepungua.

Basi nguvu ya ziara ni kwamba mkulima huamini jicho lake. Nami nilikuwa nimelichagulia jicho lake la kuona. Aliyeona matuta mazima peke yake alikuwa na haki ya kudhani kwamba kazi ni kuchimba tu, na kwamba kamba ni urembo wa mwalimu mstaafu.

Na ile hoja ya kuvunja watu moyo? Nadhani moyo niliouhurumia ulikuwa wangu. Mficha uchi hazai, na mimi nilificha ili nisifiwe. Gharama ya sifa hizo aliilipa mwingine, kwa maharagwe ya watoto wake.

Nilimpelekea debe la mbegu. Alinijibu, "Mbegu ninazo. Lete kamba." Tulishinda siku mbili tukipima.

Siku hizi wageni huanzia chini. Mara ya kwanza nilipowapeleka huko, mzee mmoja hakulitazama tuta hata kidogo. Alipanda akifuata korongo mpaka barabarani, akaniita. Maji yote ya barabara yalikuwa yakimwagika shambani kwangu. Alinishauri nichimbe mtaro wa kuyakinga juu kabisa kabla ya kugusa tuta. Nilifanya hivyo, nikalipima tuta upya, na halijavunjika tena.

Miaka yote niliyolificha jeraha lile, hapakuwa na mgeni wa kuniponya.