Mapumziko ya Mtumishi Aliye Ugenini
(Marko 6, 30–46)



Mitume walikuwa wamerudi kutoka safari yao ya kwanza. Bwana alikuwa amewatuma wawili wawili, bila mkoba na bila fedha, nao wakaenda, wakahubiri, wakaponya wagonjwa. Sasa wamekusanyika tena kwake, wana mengi ya kusimulia, kama vijana wote watokao safarini. Nasi tungedhani ya kuwa atawaambia: Vema, kesho nendeni tena. Lakini sivyo alivyosema. Aliona jinsi watu walivyokuwa wakija na kwenda, hata mitume wasipate nafasi ya kula chakula chao, akawaita waingie naye chomboni, waende mahali pa upweke, wapumzike. Angalieni sana: hawakuomba wao. Yeye aliyewatuma ndiye aliyewaita wapumzike.

Nalitwaa neno hili kwa sababu nimesikia manung'uniko. Kijana akitumwa kazi ya Injili mbali na kwao, macho ya watu hayamwachi. Akionekana siku ya Jumatatu akicheza mpira na watoto, au akipanda mlima wakati shule zimefungwa, au akicheka kwa sauti katika karamu ya arusi, hawakosi wasemao: Je, huyu alitumwa kucheza? Wazee wetu wa kanisa ni watu wema, lakini katika jambo hili mara nyingine huwa wakali kuliko Bwana mwenyewe.

Basi na tumtazame kijana mmoja wa zamani. Johannes Rebmann alizaliwa mwaka wa 1820 katika mji wa Gerlingen, nchi ya Württemberg huko Ujerumani. Alisomeshwa kazi ya misioni Basel, kisha akatumwa na chama cha misioni cha Waingereza kiitwacho CMS. Alifika Mombasa mwezi wa Juni 1846, umri wake miaka 26. Aliyempokea ni Ludwig Krapf, mtu wa nchi ile ile, aliyemtangulia kwa miaka miwili; na katika mwaka wake wa kwanza, mwezi wa Julai 1844, Krapf alimzika mkewe Rosine pamoja na mtoto wao mchanga. Huko ndiko alikokaribishwa Rebmann: katika nyumba ya mgane, na ng'ambo ya maji, upande wa Nyali, kaburi. Mwezi wa Agosti wote wawili, wadhaifu kwa homa, walihamia Rabai kuanza kazi.

Wale wasomao habari za misioni katika nchi za mbali hudhani ya kuwa kila siku ya mmisionari ina simba wake na mto wake wenye mafuriko. Ninyi waalimu mliopelekwa mbali mwajua ilivyo kweli. Siku nyingi hazina ajabu lo lote. Mtu huamka, huomba, hutafuta maji na kuni, huuliza jina la kitu kimoja mara tatu, hulitamka vibaya, huchekwa na watoto, huliandika. Kesho yake huliuliza tena. Rebmann aliishi hivyo, akijifunza Kirabai na Kiswahili, na baadaye lugha ya watu wa Nyasa. Miaka ikapita, na waliobatizwa wakahesabiwa kwa vidole. Tena hakuwa na mama wa kumpikia, wala rika wa kutaniana naye. Mtu aliyekaa kwao hajui uzito wa kukosa utani! Maana utani una wenyewe, nao haufundishwi kitabuni. Mgeni huupata mwisho wa yote, baada ya sarufi.

Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann alitoka Rabai kwenda Uchagani, pamoja na kiongozi wa misafara aitwaye Bwana Kheri. Watu walimwonya juu ya wanyama wakali na wanyang'anyi, naye akaenda na mwavuli wake. Asubuhi ya tarehe 11 Mei wakaiona milima ya Uchagani, na juu ya mmoja kitu cheupe kama wingu. Rebmann akauliza ni nini. Kiongozi wake alijibu neno moja tu: baridi. Hakuwa na jina jingine la theluji. Tena mimi naona ya kuwa jibu lake lilikuwa la haki kuliko vitabu vilivyofuata, maana huko London bwana Cooley, mtaalamu wa mambo ya nchi ambaye hakufika kwetu, alikataa kabisa kwamba pana theluji karibu na ikweta, hata wengine walipokwenda na kuiona kwa macho yao.

Lakini jambo nililotaka kuwaambia ni lile lililofuata. Siku ile walipoketi kupumzika, Rebmann alifungua Biblia akasoma Zaburi ya 111. Hakuichagua; ndiyo iliyofika zamu katika masomo yake ya kila siku. Ni zaburi isemayo habari za matendo makuu ya Mungu, nayo, kama alivyoandika mwenyewe, ilimgusa kwa nguvu mbele ya mlima ule. Fikirini: kijana wa miaka 28, miguu imechoka, mbele yake Kilimanjaro, kitabu magotini, na wenziwe wasiosali kama yeye wameketi karibu naye. Chama chake hakikumtuma kutazama milima. Hata hivyo saa ile haikuwa wizi wa saa za kazi. Kisha waliinuka, wakaendelea na safari mpaka Kilema kwa mangi Masaki.

Saa kama ile hazikuwa nyingi. Mwaka wa 1851 Rebmann alikwenda Misri akaoa, akarudi na mkewe Emma. Walimzaa mtoto, naye hakuishi. Emma akafa mwaka wa 1866. Mumewe alibaki Rabai mpaka macho yake yakaingia giza, wala hakuiona Ulaya tena mpaka mwaka wa 1875, miaka 29 tangu alipofika. Wengi huisifu saburi hiyo, nami naisifu pia. Lakini sitamtakia kijana ye yote wa kanisa letu miaka 29 pasipo sauti ya kumwita chomboni. Sisemi kosa ni la nani. Nasema kwamba saburi ya mtu isitumiwe na wengine kuwa sababu ya kumsahau.

Sasa mtazameni mwingine wa siku za karibu zaidi. Richard Reusch, aliyezaliwa Urusi mwaka wa 1891, alifika Tanganyika mwaka wa 1923, akafundisha waalimu wetu Marangu. Huyu alipopata nafasi alipanda mlima. Hakupanda mara moja kama wageni wa leo wapigao picha wakashuka. Alipanda mara nyingi sana, hata shimo lililo juu ya Kibo linaitwa kwa jina lake. Mwaka wa 1926 alimkuta chui aliyekufa, amegandishwa na baridi, karibu na ukingo wa shimo hilo. Chui alitafuta nini huko hakuna ajuaye. Je, furaha yake ilipunguza mafundisho yake? Mimi naamini ya kuwa mwanafunzi humsikiliza vema zaidi mwalimu anayeipenda nchi ya mwanafunzi wake hata akaipanda mpaka kileleni.

Tena habari hii imegeuka upande. Rebmann alipokwenda Ulaya hali haoni, aliyefuatana naye na kumwongoza ni Isaac Nyondo, Mkristo wa Rabai. Mgeni wa jana akashikwa mkono na mwenyeji wake, na mwenyeji naye akawa mgeni katika nchi asiyoijua. Rebmann alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876. Na leo vijana wetu wenyewe huenda Ujerumani kutumika mwaka mzima katika nyumba za wazee na shule za watoto wadogo, kama vile vijana wa huko wanavyokuja kwetu.

Kijana wetu huko hutaabika lini? Si siku ya kazi. Siku ya kazi kuna wazee wa kulishwa na watoto wa kufungiwa viatu. Taabu huja jioni ya tarehe 24 Desemba. Jua limekwisha kuchwa saa kumi na nusu, maduka yamefungwa tangu mchana, ibada imekwisha, kila mtu ameingia kwake pamoja na jamaa zake, na njia ni tupu. Kwetu usiku ule nyumba zimejaa watoto, na hakuna aulizaye kama amealikwa. Huko asiyealikwa hukaa chumbani mwake, akipiga simu nyumbani na kusikia nyimbo kwa mbali.

Na wageni walio kwetu, je? Twadhani kwamba Mzungu kijana, au mwinjilisti aliyetoka mkoa mwingine, anapenda kukaa peke yake sikukuu, kwa kuwa hakuomba kuja. Ndugu zangu, hataomba. Mitume nao hawakuomba. Mtumeni mtoto akamwite asubuhi, apewe kisu achune mbuzi pamoja na vijana, hata akichuna vibaya. Wamcheke, naye acheke.

Wala mapumziko yakikatizwa, mtu asidhani kwamba yamepotea. Kwa maana mitume walipofika mahali pale, watu walikuwa wamewatangulia kwa miguu. Bwana hakuwakemea, bali aliwahurumia, akawafundisha hata saa zikapita, akawalisha watu elfu tano waume. Jioni aliwahimiza wanafunzi wake watangulie kuvuka, akauaga mkutano; kisha, kazi ya siku ile ikiwa imekwisha, akaenda zake peke yake mlimani.