Aina Moja, Mavazi Mengi

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwa. 1:20-25, 2:15, 1 Sam. 16:6-13; Zab. 104, Mhu. 9:5, 6, Rum. 8:19-23, 1 Kor. 15:51-54, Yak. 2:1-4, Ufu. 11:18.

Fungu la Kukariri: Zaburi 104:24. Lisome katika Biblia yako, kisha lirudie kila siku ya juma.

Nchi ya Kenya ina aina karibu 900 za vipepeo. Miongoni mwao umo ukoo ambao wengi wake wana mabawa ya nyuma yenye ncha ndefu, mfano wa mkia wa mbayuwayu. Duniani kote ukoo huu una aina zaidi ya 500, na Kenya peke yake ina zaidi ya ishirini. Wako wa msitu wa pwani, wako wa misitu ya baridi ya nyanda za juu, na yuko mmoja ambaye huenda anataga mayai kwenye mlimau ulio nyuma ya nyumba yako.

Mtunga Zaburi alipoandika Zaburi ya 104 hakuridhika kusema kwa ujumla kwamba Mungu aliumba wanyama. Aliwataja korongo, mbuzi wa mwitu, wana-simba, na kila mmoja mahali pake. Juma hili tutafuata mfano wake.

JUMAPILI: Kwa Jinsi Zake

Soma Mwanzo 1:20-25. Ni maneno gani yanayorudiwa mara kwa mara, nayo yanatufundisha nini juu ya Muumbaji?

Anza na yule wa mlimau. Ni kipepeo mweusi mwenye madoa ya manjano, naye hupenda miti ya jamii ya ndimu na machungwa. Kiwavi chake kikiwa kichanga hufanana kabisa na kinyesi cha ndege, hata mtu hupita bila kukitazama mara ya pili. Kikikua hugeuka kijani. Ukikigusa, hutokeza nyuma ya kichwa kitu chenye panda mbili, chenye harufu kali ya kufukuza adui. Na ingawa ni wa ukoo wa wenye mikia, yeye hana mkia hata kidogo!

Yuko mwingine mweusi mwenye ukanda wa buluu unaong'aa. Katika misitu ya nyanda za juu yuko mkubwa mwenye madoa meupe-manjano na rangi ya kutu kwenye shina la bawa. Wengine, madume hasa, utawakuta wamekusanyika penye tope kando ya njia baada ya mvua, wakifyonza chumvi iliyo katika maji.

Mungu angeweza kuumba mdudu mmoja wa kuchavusha maua akatosheka. Kitabu cha Mwanzo hakituonyeshi Mungu wa namna hiyo. Wala hakisemi kwamba kila jinsi ilipewa sura moja isiyobadilika kamwe, jambo ambalo baadhi yetu tumezoea kulisoma humo.

JUMATATU: Macho ya Mwanadamu

Soma 1 Samweli 16:6-13 na Yakobo 2:1-4. Samweli alikuwa nabii. Kwa nini hata yeye alihitaji kukatazwa asitazame umbo la nje?

Katika misitu ya Kenya, na sehemu kubwa ya Afrika, yuko kipepeo ambaye wataalamu humwita *Papilio dardanus*. Dume lake ni la manjano hafifu, lina mpaka mweusi na mikia mizuri. Jike la bara letu kwa kawaida halina mkia. Tena majike hayafanani yenyewe kwa yenyewe: moja ni jeusi lenye madoa meupe, lingine lina rangi ya hudhurungi, lingine ni mchanganyiko. Wakusanyaji wa Ulaya walipoletewa vipepeo hao waliokauka, waliwapa majina mbalimbali kama aina tofauti.

Mwaka 1869 Roland Trimen, mtaalamu wa wadudu aliyeishi Cape Town, alichapisha hoja yake kwamba wote hao ni aina moja, na kwamba dume ni yule yule wa manjano. Wako waliomdhihaki. Lakini watu walipolea mayai ya mama mmoja, walitoka watoto wa sura zile zile zilizokuwa zimepewa majina mbalimbali. Huko Madagaska, jike la aina hiyo hiyo hufanana na dume lake, mkia na yote.

Waliokosea hawakuwa wajinga. Walikuwa na vielelezo vizuri, vitabu na kalamu. Walichokosa ni kuwaona hao vipepeo wakizaliwa.

Basi fikiri juu ya Sabato asubuhi. Mgeni anaingia amevaa hereni, au amejitanda mtandio kama jirani zetu Waislamu, au amevaa shati la kazi kwa sababu ndilo alilo nalo. Shemasi anamwonyesha kiti gani? Na baada ya ibada ni nani anayemkaribisha chakula? Tumekwisha kumpa jina kabla hatujajua amezaliwaje, wala Roho anafanya nini ndani yake. Yakobo haiiti hali hii ukosefu wa adabu. Aliandika kwamba wenye kutenda hivyo wamekuwa waamuzi wenye mawazo mabaya.

JUMANNE: Vazi la Kuazima

Sababu ya majike hao kuvaa sura nyingi inajulikana. Sura nyingi kati ya hizo zaiga kipepeo mwingine ambaye ni mchungu au ana sumu. Ndege aliyewahi kuonja kile kichungu hukiacha, na chenye vazi kama lake hukiacha pia.

Wahubiri wengine wamemtumia kipepeo huyu kuwa mfano wa mnafiki. Hapo tunamwonea. Mnafiki hujua alichovaa. Kipepeo hakuchagua rangi yake, wala hawezi kutubu kwayo. Swali gumu zaidi ni hili: mbona uumbaji uliokuwa mwema sana una sumu, midomo ya kuwinda, na haja ya kujificha?

Soma Warumi 8:19-23. Paulo anasema viumbe vyote vinaugua pamoja hata sasa. Uzuri tunaouona ni wa kweli, na kuugua nako ni kwa kweli. Anayetazama bawa la kipepeo akasifu tu, hajasoma Warumi 8. Anayeona mauti tu, hajasoma Zaburi 104.

JUMATANO: Ndani ya Pupa

Mfano unaopendwa sana mazishini ni ule wa kiwavi: amekufa, amezikwa ndani ya pupa, kisha roho yake imeruka ikiwa na mabawa. Wayunani wa kale walitumia neno moja kwa nafsi na kwa kipepeo. Ni mfano mzuri kwa sikio, lakini tuuchunguze.

Soma Mhubiri 9:5, 6 na 1 Wakorintho 15:51-54. Wafu wana hali gani, na uhai wao mpya unatoka wapi?

Pupa hajafa. Anapumua. Ndani yake sehemu kubwa ya mwili wa kiwavi inavunjwa na kujengwa upya, na chembe za mabawa zilikuwamo tangu alipokuwa kiwavi. Mtu aliyelala mautini hana chembe ya uhai iliyofichwa inayongoja wakati wake. Hajui neno lolote. Tumaini letu liko nje yetu kabisa, katika sauti ya Yule atakayeita siku ya parapanda. Mfiwa akiambiwa hivyo kwa upole, hapungukiwi faraja.

ALHAMISI: Kulima na Kutunza

Soma Mwanzo 2:15 pamoja na Ufunuo 11:18. Kazi ya kwanza ya mwanadamu inahusianaje na hukumu ya mwisho?

Katika kaunti ya Kilifi upo msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye kilomita za mraba zipatazo 420. Wakazi wengi wa kando yake walitamani ukatwe wapate mashamba, na ni vigumu kuwalaumu: tembo walikula mahindi yao, na msitu haukuwapa kitu. Mwaka 1993 ulianzishwa Gede mradi uitwao Kipepeo. Wakulima hupanda miti inayoliwa na viwavi, hulea viwavi ndani ya nyavu, kisha huuza pupa kwa nyumba za maonyesho za Ulaya na Marekani. Pupa husafirishwa kwa ndege wakiwa hai, na huko huanguliwa mbele ya watazamaji. Vipepeo wenye mikia wamo katika biashara hiyo. Msitu uliokuwa adui ukawa karo ya shule.

Kwenye milima ya Taita hali ni nyembamba zaidi. Kuna kipepeo mwenye ukanda wa buluu asiyepatikana popote duniani ila huko, na misitu ya asili imebaki vipande tu, kama Ngangao na Mbololo, katikati ya mashamba. Mti wa kigeni uliopandwa badala ya mti wa asili hutoa mbao. Kiwavi hakili mbao. Amri ya nne hutaja hata mnyama aliye ndani ya malango yetu, na Walawi 25 huipa nchi yenyewe Sabato. Mshika Sabato ana sababu moja zaidi ya kuuliza, kabla ya kuinua shoka, ni nani mwingine anaishi hapa.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Ayubu 38 na 39 kwa sauti, ikiwezekana nje ya nyumba.

Maswali ya Kujadili:

Je, kuna mtu katika kanisa lenu aliyekwisha kupewa jina kwa sababu ya mavazi, kabila au lugha yake? Darasa lenu linaweza kufanya nini Sabato hii, si mwezi ujao?

Utamjibuje ndugu asemaye kwamba kwa kuwa Yesu yu karibu kurudi, kuhifadhi msitu ni kupoteza muda?

Mkulima mwenye njaa na msitu wenye vipepeo wasiopatikana penginepo wako kwenye mlima mmoja. Kanisa lina deni gani kwa kila mmoja wao?