Nywele za Wanafunzi na Uzito wa Neno "Isipokuwa"

Kengele ya asubuhi inapolia katika kata ya Bagara, mjini Babati, njia zote hujaa watoto waliovaa sare, na mlima Kwaraa aghalabu huwa bado umejifunika ukungu wake. Miongoni mwao wamo Wagorowa, ambao ndio wenyeji wa kale wa hapa, wamo Wairaki na Wabarbaigi, wamo Wambugwe, wamo Warangi ambao wazee wao walipanda kutoka Kondoa, na wamo watoto wa Kihindi na wa Kiarabu ambao babu zao walifungua maduka kandokando ya barabara kuu iendayo Arusha. Mtu akiwatazama kwa mbali hawezi kumpambanua mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mchunga mbuzi. Hilo ndilo kusudi la sare, nasi hatuna ugomvi nalo hata kidogo. Sisi wenyewe tulisoma kwa kaptula moja ya kaki iliyofuliwa usiku na kukaushwa juu ya mafiga, na tunajua kwamba lau isingekuwa sare, umaskini wetu ungesomwa na darasa zima kila siku.

Tena sare hiyo ina historia yake. Kabla ya mwaka 1962 shule za Tanganyika zilitenganishwa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, na Waafrika kwao, kila kundi kwa fungu lake la fedha, na fungu la Waafrika ndilo lililokuwa hafifu kwa kila kichwa cha mtoto. Taifa lilipojitawala lilizifungua shule hizo kwa watoto wote, na kisha, kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule za misheni nazo zikaingia mikononi mwa Serikali, ili mtoto wa Kiislamu asilazimike kupitia mlango wa kanisa kuitafuta elimu. Basi mtoto wa Bagara anapokaa dawati moja na mwenzake wa dini nyingine na rangi nyingine, hilo si jambo lililodondoka kutoka mbinguni.

Lakini sare huishia shingoni. Juu ya shingo kuna kichwa, na juu ya kichwa kuna nywele, na hapo ndipo tulipokwama.

Nywele kwa watu wetu hazikuwa kamwe kitu cha bure. Morani wa Kimasai huzifuga na kuzipaka udongo mwekundu, na siku ya eunoto mama yake mzazi ndiye humnyoa, naye huacha ujana wake pale chini pamoja na nywele zake. Mtoto wa Kiislamu hunyolewa siku ya saba na kufanyiwa akika. Katika makabila mengi ya bara wafiwa hunyoa, hata mpita njia akamjua aliyeondokewa bila kuuliza. Na msichana anayesukwa twende kilioni hukaa chini, kichwa kimeegemea magoti ya mama au shangazi, na katika saa ile moja husikia mengi ambayo hayamo katika muhtasari wa somo lolote. Kwa hiyo anayeshika wembe na kukiendea kichwa cha mtu, hata kama ni cha mtoto, anagusa jambo zito, na yampasa awe na sababu.

Sababu zipo, wala si haki kuzidharau. Walimu husema kwamba bweni lenye maji haba haliwezi kuvumilia vichwa mia vya kusuka. Kwamba mapunye na chawa huenea. Kwamba msichana anayefikiria msuko wake hafikirii hesabu. Kwamba msusi hulipwa, na asiye na fedha ya msusi ataona haya mbele ya mwenye nayo. Sababu hii ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote, maana ni ile ile inayotufanya tuipende sare. Iwapo shule itasema kwamba vichwa vyote, vya wavulana na wasichana, vya kila kabila na kila rangi, vitanyolewa kwa sababu hizo, tunaweza kubishana nayo juu ya hekima yake, lakini juu ya usawa wake hatutakuwa na la kusema.

Shida huanza pale sheria inapopata tundu. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa katibu wa kamati ya shule moja ambayo hatutaitaja. Kamati iliazimia kwamba wanafunzi wote watanyoa. Mjumbe mmoja akauliza kwa upole, "Na wale wenye nywele za singa?" Ikaonekana ni jambo lisilohitaji mjadala. Tukaandika, kwa mkono wetu huu na kwa mwandiko mzuri, kwamba wanafunzi wote watanyoa nywele, isipokuwa wale ambao nywele zao kwa asili ni ndefu. Tukafunga kikao, tukanywa chai.

Haukupita mwezi, bibi mmoja Mgorowa akafika barazani petu akiwa na mjukuu wake wa kidato cha kwanza, mtoto aliyejifunga kanga kichwani na asiyetaka kuinua macho. Tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaketi, akatutazama kitambo.

"Mwanangu," akasema, "nimeambiwa wewe ndiye uliyeiandika ile sheria."

"Ni kamati, bibi. Mimi ni mwandishi tu."

"Haya. Basi niambie wewe mwandishi. Huyu mjukuu wangu anakaa dawati moja na mtoto wa dukani. Yule nywele zake zinafika mgongoni na anazifunga utepe. Huyu wangu wamemnyoa mbele ya wenzake. Nimeuliza, nikaambiwa za yule ni za asili. Za huyu nilizinunua wapi?"

Tulitafuta jibu. Tulikuwa tumekaa katika utumishi wa Serikali zaidi ya miaka ishirini, tumejibu barua za wakaguzi na za mawakili, na siku ile hatukuwa na jibu. Tulimwambia kwamba tungelifikisha suala lake mahali panapohusika, maneno ambayo kila mtumishi huyajua, na kila raia huyajua zaidi. Bibi akashukuru kwa adabu na kuondoka. Mtoto hakusema neno.

Tangu hapo tumelizungusha neno lile "asili" kichwani. Ikiwa sababu ya kunyoa ni chawa, chawa hachagui singa wala kipilipili. Ikiwa ni maji, nywele ndefu za singa nazo huoshwa kwa maji. Ikiwa ni muda, utepe nao hufungwa kwa muda. Kila sababu iliyotajwa kamatini inawahusu watoto wote wawili sawasawa, na kwa kuwa mmoja wao ameachwa, basi iko sababu nyingine isiyotajwa. Nayo ni hii: kwamba nywele za yule tulizihesabu kuwa sehemu ya mwili wake, na nywele za huyu tulizihesabu kuwa uchafu unaoota. Hukumu hiyo hatukuitunga sisi. Ni ya mkoloni, na tumeirithi pamoja na makabati ya ofisi. Lakini aliyeiandika upya, kwa Kiswahili fasaha, katika nchi huru, ni sisi. Wala mtoto wa dukani hana hatia yoyote katika jambo hili. Yeye ni Mtanzania kama mwenzake, na hakuomba kupendelewa.

Afrika nzima inalijua tatizo hili. Mwezi Agosti 2016 wasichana weusi wa Pretoria High School for Girls, huko Afrika Kusini, waliandamana kwa sababu walikuwa wakiambiwa kwamba nywele zao, kama zilivyoota, si nadhifu. Shule hiyo hapo kale ilikuwa ya Wazungu peke yao. Hapa kwetu hatuna hata kisingizio hicho.

Kuna tundu jingine katika sheria za namna hii, nalo ni la dini. Katiba yetu ya mwaka 1977 inatamka usawa mbele ya sheria katika ibara ya 13 na uhuru wa dini katika ibara ya 19, na katika shule za Serikali msichana wa Kiislamu huvaa hijabu pamoja na sare yake bila darasa kuanguka. Majirani zetu wa Kenya wamelipeleka suala hili mahakamani, na mahakama zikavuta huku na huku. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwaruhusu wasichana wa Kiislamu wa shule moja ya Isiolo, iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, kuvaa hijabu. Januari 24, 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi huo. Mwaka huo huo, Septemba 13, Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akaamua kwamba shule moja ya Kibera ilikosea kumfukuza msichana wa Kirastafari kwa ajili ya misokoto yake, kwa kuwa misokoto hiyo ni ibada. Malawi nayo, Mei 2024, Mahakama Kuu ikawafungulia watoto wa Kirastafari milango ya shule za umma.

Tunaufurahia uamuzi wa Kibera. Marasta hutegemea nadhiri ya Mnadhiri katika kitabu cha Hesabu, ambamo wembe haupiti kichwani, na Masingasinga nao huziacha nywele kwa amri ya imani yao. Anayewalazimisha kuchagua kati ya Mungu na shule anawadhulumu. Hata hivyo tunajiuliza: yule mjukuu wa Bagara afungue kitabu gani? Yeye hana aya ya kuonyesha. Hana nadhiri. Ana kichwa tu. Ikiwa mwenye singa anaachiwa kwa maumbile yake, na mwenye misokoto anaachiwa kwa dini yake, basi wembe unabaki kwa yule asiye na wa kumtetea, naye ndiye aliye wengi. Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo penye uhaba wa madawati. Sisi tunadhani mtoto akifundishwa mapema kwamba alivyoumbwa ni kosa, dawati halitamponya.

Yafaa pia tukumbuke kwamba si mara ya kwanza mamlaka kukosea katika kupima miili ya watu. Mapema mwaka 1968 wakuu wa Mkoa wa Arusha, ambao siku hizo ulikuwa na Babati ndani yake, waliwataka Wamasai waache lubega na udongo mwekundu wavae suruali, eti ndiyo maendeleo. Mwishoni mwa mwaka huo Umoja wa Vijana wa TANU ukatangaza Operesheni Vijana dhidi ya nguo fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua, kuanzia Januari 1, 1969. Operesheni ya kwanza ilimkosoa mtu kwa kuwa Mwafrika kupita kiasi, na ya pili ikamkosoa kwa kutokuwa Mwafrika wa kutosha. Nia zilikuwa njema, na vita dhidi ya kujichubua tungeviunga mkono hata leo. Lakini suruali ile haikudumu, na shuka la Mmasai leo limo katika picha tunazowatumia wageni waje kututembelea.

Mwaka huu tumerudi katika kamati ile ile, safari hii kama mjumbe. Tumependekeza kipimo kimoja cha urefu kwa vichwa vyote, na ruhusa ya kusuka mistari ya kawaida ambayo mama anaweza kuisuka nyumbani bila kulipa; atakayezidisha kipimo apunguze, awe na singa au kipilipili, na mwenye dhamiri ya dini asikilizwe kwa faragha pamoja na mzazi wake. Mwalimu mmoja ameuliza maji yatatoka wapi, na swali lake ni la haki, kwa hiyo suala la tangi limeingizwa katika ajenda. Baba mmoja mwenye duka, ambaye binti yake naye atapunguza nywele, alinyamaza muda mrefu, kisha akanyoosha mkono kuunga mkono.

Kikao kitaendelea baada ya mavuno. Rasimu iko kwetu, na pale palipokuwa na neno "isipokuwa" tumekwisha piga mstari. Yule mjukuu sasa yuko kidato cha nne. Bibi yake hatujamwona tena barazani.